Kasa aliyezimia si kasa aliyekufa

Leo alfajiri jarife, wavu wetu wa samaki wakubwa, limepanda na kasa ndani yake. Kalegea, macho kafumba. Mmoja akasema huyu keshakufa, tupa.

Nahodha akakataa, na alikuwa sahihi.

Kasa huvuta hewa kama sisi. Akinaswa chini pumzi humwishia na maji huingia mapafuni. Ukimtupa kalegea hivyo, anazama moja kwa moja.

Mlaze kifudifudi, kamwe si chali.
Inua sehemu ya nyuma sentimita 15 au zaidi, maji yatoke. Tairi kuukuu linafaa.
Kitambaa chenye maji juu ya gamba, pua iachwe wazi. Kivulini.
Mguse kope taratibu kila baada ya muda. Akipepesa, yu hai.

Kuzinduka kwake kunaweza kuchukua saa 4, hata 24. Na msimburute kwa mapezi, mtamuumiza.

Huyu wa leo aliinua kichwa, akavuta pumzi moja nzito yenye mlio, watu wakacheka kwa furaha. Injini ikazimwa, akashushwa polepole.

Hakugeuka kushukuru, wala hadaiwi. Nyasi za bahari anazokata huchipua upya, na humo ndimo samaki wetu aina ya tafi wanamokulia.

Wa Lamu, Mafia, Kilwa: kwenu mnafanyaje? Semeni hapa chini.