Sindano ya saa nane usiku

Magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege ya kifafa cha mimba, niliisoma chuo kama dawa zingine zote, yaani unakariri dozi, unakariri dalili za kuzidi, unakariri dawa ya kuizima, mtihani unafaulu, maisha yanaendelea. Baada ya digrii nikapangiwa mwaka wa mafunzo kazini hospitali moja ya wilaya huko kusini, wodi ya wazazi, na usiku nilikuwa chini ya sista mmoja mtu mzima, ameanza kazi enzi zile mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa daizepamu analala fofofo na mtoto naye anazaliwa amelegea. Utafiti mkubwa wa 1995 ndo ulimaliza ubishi kwamba magnesiamu inazuia degedege kujirudia kuliko daizepamu, na sista alikuwa anaipenda hiyo dawa ila hamuamini mtu yeyote anayeichoma.

Sasa kuna usiku akaletwa binti mdogo tu, mimba ya kwanza, uso umevimba, presha iko juu, kituo cha afya walikotoka alishapata degedege mara mbili. Barua ya rufaa ilikuwa na mwandiko unaosomeka, Mungu awabariki: gramu 4 mshipani polepole, gramu 10 za misuli, tano kila tako, saa 12 jioni. Hiyo saa ndo ilikuwa dhahabu, maana bila kuandikwa tungeweza kumwanzishia dozi ya kwanza upya juu ya ile aliyokwisha kupata. Kuanzia hapo ni gramu 5 kila masaa manne, unabadilisha tako, mpaka yapite masaa 24 tangu ajifungue au tangu degedege ya mwisho, inategemea kipi kimetokea mwisho. Ya saa nne usiku nikampima vizuri nikampa mwenyewe, kichupa kimoja cha mililita 10, na lignokeini, dawa ya ganzi, mililita 1 kwenye bomba hilohilo kwa sababu ile sindano inauma jamani, hata mtu aliyepotelewa na fahamu anashtuka. Saa sita akajifungua kawaida, mtoto wa kiume, kelele za kutosha.

Aliyemleta ni mama mkwe wake. Huyu mama aliambiwa tangu kituo cha afya kwamba sindano ni kila masaa manne na isirukwe, basi akaweka alamu kwenye kisimu chake cha tochi. Saa nane kamili ikalia, akaja mlangoni, "Nesi mwanangu, muda umefika."

Nikaenda kitandani. Kuna vitu vitatu unaangalia kabla hujavunja kichupa: anapumua mara ngapi kwa dakika, isipungue 16, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti likigongwa liruke. Nikahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani, 14. Mfuko wa mkojo nilikuwa nimeumwaga saa nne, ndani kulikuwa na 60 tu, nikadhani labda ameulalia mrija, nikaunyoosha wote mpaka mwisho, hakuna kitu. Goti nikagonga kwa ukingo wa kiganja maana nyundo ya wodi ilipotea kabla mimi sijafika pale. Kimya.

Nikamwita sista. Akaniuliza, "Umegonga au umepapasa?" Akapitisha mkono wake chini ya goti, akalinyanyua mguu ukalegea, akagonga mwenyewe. Halafu akauliza kama binti alichomwa ganzi ya mgongo, kwa sababu aliyefanyiwa upasuaji kwa ganzi hiyo goti lake linadanganya, huyo unagonga kwenye kiwiko. Nikamwambia amejifungua kawaida. Akagonga na kiwiko vilevile, hamna. "Usimchome."

Usiku ule maabara yetu haikuwa na uwezo wa kupima magnesiamu kwenye damu, kwa hiyo goti ndo lilikuwa maabara. Dawa hii inatolewa na figo, figo zikizubaa inajaa, na ikijaa goti ndo linatangulia kulala, pumzi inafuata, mwisho moyo. Sista akampigia dokta wa zamu, dokta akasema simamisheni dozi, oksijeni, mpimeni kila nusu saa, na msimfungulie dripu hovyo mkidhani mtaulazimisha mkojo, maji yatakwenda mapafuni. Kalsiamu glukoneti, ndo dawa ya kuizima magnesiamu, mililita 10 ya asilimia 10, ikawekwa na bomba lake pembeni ya kitanda, ikishuka sana pumzi anapewa mshipani taratibu.

Kazi ikabaki kwa mama mkwe. Kwanza alinyamaza, halafu akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mnataka shilingi ngapi?" Kwakweli iliniuma, ila ukikaa hospitali zetu unaelewa kwa nini mtu anawaza hivyo. Nikamrudisha kitandani, nikamwonyesha mfuko, nikamgonga goti yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye stuli, mguu ukaruka akacheka, kisha nikagonga la mkwe wake. Nikamwambia dawa inatokea kwenye mkojo, na mkojo hautoki.

"Kumbe choo kimeziba, na nyie mnataka kuzidi kumwaga maji?"

Ndiyo mama, ndo hivyohivyo.

Pumzi ilishuka ikafika 13, ikakaa hapo hapo muda ambao mimi niliuona mrefu sana, kalsiamu hatukuigusa. Kwenye saa kumi mkojo ukaanza kudondoka, kumi na moja goti likaruka kidogo, saa 12 asubuhi vyote vitatu viko sawa, dokta akaruhusu tuendelee. Kwenye chati nikaandika saa 8 haikutolewa, na namba zote chini yake.

Mwenzangu wa asubuhi akanisimulia baadaye kwamba alipokuja na dozi ya saa nne asubuhi alizuiwa na mama mmoja amekaa kwenye stuli, anamuuliza, "Umeshamgonga goti?"