Lasanya ya Bologna bila nyama, bila maziwa, bila yai

Habari zenu wapendwa, leo naandika kuhusu lasanya, kile chakula cha Kitaliano cha tabaka za pasta na sosi kinachookwa kwenye oveni, maana imenikaa moyoni tangu Jumapili.

Mi niko Bologna, Italia, mwaka wa sita huu, namtunza bibi mmoja wa miaka 86 na nalala hapohapo kwake. Mlioko Italia mnaijua hii kazi ya badante, kuogesha, dawa, kupika, kusikiliza. Sasa bibi ana mjukuu wake wa kike anasoma chuo, mwaka jana akawa vegani, yaani hali nyama, hali samaki, yai, maziwa wala jibini, hata asali hagusi. Na nyumba hii Jumapili ni lasanya. Basi binti akija anakula saladi na mkate, bibi anamwangalia tu hasemi kitu, halafu jioni nikimlaza ndo ananiambia, "leo mtoto kala kama mgonjwa". Ikafika mahali binti akawa hatokei tena, mara ana mtihani, mara ana mafua. Hiyo iliniuma, maana mi najua kukaa mbali na meza ya kwenu kulivyo.

Kwa asiyeijua, lasanya ya Bologna ni ile ya kijani, unga umekandwa na mayai na spinachi ukasukumwa mwembamba, katikati ragu, yaani sosi nzito ya nyama, beshamela, yaani sosi nyeupe ya maziwa na unga, na jibini ya Parmigiano. Basi. Jibini laini kama rikota na motsarela ni mambo ya Napoli, hapa usizitaje. Na hawa watu wanalinda vyakula vyao kwelikweli, mapishi ya ragu yaliandikishwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982, na humo kuna nyama ya ng'ombe, kuna pancheta, ile nyama ya mafuta ya tumbo la nguruwe, na kuna maziwa pia. Ukiangalia vizuri kila tabaka lina mnyama ndani yake, hata Parmigiano yenyewe maziwa yake yanagandishwa kwa kitu kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Kwa hiyo huwezi ukatoa nyama ukasema nimemaliza.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilichemsha adesi nikazimwaga na sosi ya nyanya, nikanunua boksi la maziwa ya soya bila kusoma kumbe lina sukari na vanila, beshamela ikatoka inanukia kama keki, na adesi zilikunywa maji yote humo ndani ya oveni, zile shuka za pasta zikabaki ngumu pembeni unazivunja kwa kidole. Trei zima hakuna aliyekula. Nilikaa jikoni usiku nikiwaza, nikaona kosa langu lilikuwa kutoa vitu bila kujiuliza vilikuwa vinafanya kazi gani mle. Nyama inaleta mafuta, ule uzito wa ladha na kitu cha kutafuna, maziwa yanapunguza ukali wa nyanya, jibini inaleta chumvi na ule ukoko wa juu, yai linashikilia unga. Kila kazi itafutie mtu wake.

Ragu ndo nimeihangaikia kuliko vyote. Msingi ni uleule wa Kitaliano, kitunguu, karoti na selari, vyote vimekatwakatwa vidogo sana, unavipika kwa mafuta ya zeituni moto mdogo hadi vilegee kabisa, dakika 15 hivi, usiharakishe. Halafu uyoga gramu 300, nao ukatwe vidogo, hapo sasa moto uwe mkali na usitie chumvi kwanza maana utatoa maji na utachemka badala ya kukaangika, we unataka ushike rangi ya kahawia na kugandagandia chini ya sufuria kidogo. Ile rangi ndo nyama yenyewe, yaani ladha yote iko pale. Weka vijiko vitatu vya nyanya nzito ya kopo, ikaange nayo mpaka iive rangi, ndo utie adesi gramu 250, zile za kahawia ndogo, uwe umeshazichemsha nusu tu, na kokwa za jozi gramu 80 ulizoponda chengachenga, hizo zinaleta mafuta na kutafuna. Mi naweka pia uyoga mkavu wa porchini gramu 20, nauloweka na yale maji yake nayamwaga humohumo baada ya kuchuja mchanga. Nyanya ya chupa gramu 400, acha ichemke taratibu kama saa nzima, mwisho maziwa ya soya vijiko viwili vitatu kama mapishi yao yanavyotaka maziwa. Na ukishaona imeiva ongeza maji kikombe, iwe rojorojo kuliko unavyoona inafaa, adesi zitayanywa tu.

Beshamela ni rahisi, mafuta ya zeituni gramu 80, unga wa ngano gramu 80, lita moja ya soya isiyo na sukari, chumvi, kungumanga ya kukwangua. Ukifika dukani usitafute neno maziwa, Mahakama ya Ulaya iliamua 2017 kwamba vitu vya mimea haviruhusiwi kuuzwa kwa jina la maziwa, kwa hiyo boksi limeandikwa kinywaji cha soya, geuza usome kama kuna sukari. Nazi niliijaribu kwa kuipenda kwetu, ila ile harufu inashinda kila kitu, kwenye lasanya hapana. Soya inashika rangi vizuri juu.

Pasta sasa. Kavu za dukani nyingi ni ngano ngumu na maji tu, we soma, yai kwa sheria lazima lionyeshwe wazi kwenye orodha ya viungo. Lakini bibi aliponiona nashika pakiti akaniuliza hizo za nini, nikamweleza, Signora, nataka kumpikia mjukuu wako. Akanyamaza kidogo, akasema nimletee ubao na mti wake wa kusukumia. Mwanamke aliyekanda unga kwa mayai maisha yake yote, akakanda gramu 400 za semola, ule unga wa ngano ngumu, kwa maji ya vuguvugu na spinachi iliyokamuliwa, akasema kusini huko Puglia wanafanya hivyo na ni pasta vilevile. Mikono inatetemeka lakini ikishika ule mti inatulia. Nikamalizia mimi kusukuma.

Juu nikaweka chenga za mkate nilizokaanga na mafuta na kitunguu saumu, huko kusini wasiokuwa na hela ya jibini walikuwa wanafanya hivyo zamani. Oveni nyuzi 180, dakika 25 na foili, 15 bila, halafu iache itulie robo saa ndo ukate, ukikata ya moto inamwagika yote.

Jumapili kwa mkataba ni siku yangu ya mapumziko ila nilibaki. Binti alikuja, bibi alikuwa amempigia mwenyewe. Alikula kipande, akaomba cha kona, kile kilichokauka pembeni ambacho kila mtu anakitaka, na bibi akamkatia zote mbili za upande wake.

Juzi bibi kanituma semola kilo mbili. Trei moja inakula gramu 400.