Kikombe kimoja cha maji

Kila baada ya wiki chache mama mkwe wangu alikuwa anakaa mlangoni penye mwanga, ananipa kibanio nimng'olee kope. Vikope, ugonjwa wa macho, vilimwanza utotoni hapahapa Kongwa, vikawa vinamrudia na kumwachia makovu ndani ya kope la juu, hadi likajikunja na nywele zake kukwaruza kioo cha jicho. Zilikuwa zikiota upya fupi, ngumu kama miiba. Machozi yalimtoka, lakini halalamiki.

Mwanangu mdogo alipoanza kuamka na tongotongo, nzi wakimganda machoni, nilishikwa na hofu. Zahanati muuguzi alimpindua kope, akanionyesha vipele vyeupe ndani. Trakoma, yaani vikope vilevile. Akampima urefu kwa fimbo ili ajue kipimo cha dawa, akampa azithromaisini ya maji. Kisha akaniuliza, "Mama, unamfuta na nini?"

Na pindo la khanga. Pindo hilohilo nililowafutia watoto wote watatu. Bakteria wa vikope wanasafiri kwa kitambaa, kwa vidole na kwa miguu ya nzi; kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawasambaza.

Kiangazi dumu la lita ishirini tulikuwa tunanunua shilingi 500, nikawa naona kunawisha nyuso ni kupoteza maji. Nikapima: kikombe cha chai kinatosha uso wa mtoto, na kinabaki. Nikachukua dumu la lita tano, nikalitoboa kwa msumari wa moto, nikalifunga kamba na kijiti cha kukanyagia, nikalitundika kwenye mkwaju. Kibuyu chirizi. Sabuni iko kwenye soksi pembeni, na maji yanayodondoka yananywesha mpapai. Khanga ile niliichana vipande, kila mtoto na chake, kila kipande na msumari wake juani. Shimo la choo nililifunika, maana nzi wa machoni huzaliana kwenye kinyesi kilicho wazi.

Kilichonichosha ni watoto wa jirani, wanaocheza na wangu kutwa. Niliwaita nao wakanyage kijiti, mama yao akaja kuona, akatundika chake.

Mama mkwe alikubali upasuaji mdogo wa kugeuza kope. Uoni uliopotea haukurudi, ila kibanio sijakishika tena. Jana yule mdogo alinawa mwenyewe, akamkimbilia na uso bado unachuruzika: "Bibi, niangalie macho!"