Milimita 1.4

Juzi binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu, akanyoosha kidole kwenye picha ya rangi ya mkazo iliyokuwa kwenye skrini. "Baba, hapo pekundu ndipo patakapovunjika?" Nikamwambia si lazima, na kabla sijaeleza alikuwa ameshaondoka. Maelezo aliyoyakimbia yamenirudisha kwenye ile boriti ya karakana, siku ya mifuko ya saruji.

Boriti yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kisicho na uwazi ndani, upana milimita 50, kimo 100, kimetoka mita moja kwenye nguzo kama mkono wa kutundikia winchi. Mzigo uliotakiwa kwenye ncha ni kilonewtoni 10. Mteja aliona chuma ni kizito mno, akataka kimo kipunguzwe hadi 65. Alikuwa na sababu nzuri: picha ya rangi kutoka kwenye modeli ya kompyuta iliyoonyesha mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo la chuma, wa megapaskali 45 tu na ncha kushuka milimita 1.4. Kwa hesabu hiyo, hata ukipunguza kimo hadi 65 unafika 106 hivi. Nani angebisha?

Mzee alibisha. Hakugusa kompyuta. Alichukua risiti ya dizeli, akaandika nyuma yake kwa penseli. Momenti ya pili ya eneo, kipimo cha jinsi umbo linavyokataa kupinda, ni upana mara kimo kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12: milimita 4,166,667 za kipeo cha nne. Kushuka kwa ncha ni mzigo mara urefu kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa mara tatu ya E mara I, E ikiwa ugumu wa chuma chenyewe na I ile momenti. Akaweka E megapaskali 210,000, akapata milimita 3.81. Mkazo kwenye shina, pale boriti inapotokea kwenye nguzo, megapaskali 120. Kisha akaandika 65 mahali pa 100, akapata 284, akaizungushia duara. Chuma cha daraja la 275 huanza kulegea, yaani kupinda bila kurudi, kwenye megapaskali 275, na kikiwa kinene hivyo hulegea hata chini ya hapo.

"Kijana," akamwambia aliyekuwa anaendesha programu, "nionyeshe meshi, achana na rangi."

Meshi, yaani vipande ambavyo programu inagawanya boriti ili kuihesabu, ilikuwa na elementi tano tu, zimepangwa mstari mmoja. Kila moja ilikuwa na urefu wa milimita 200 na kimo cha 100, nodi (pointi za kuungana) nne za pembeni, aina ambayo Abaqus, programu yenyewe, inaiita CPS4. Ugonjwa wake ni huu. Boriti ya kweli ikipinda, uso wa juu na wa chini unakuwa tao. Elementi ya nodi nne ina kingo zilizonyooka na haziwezi kuwa tao, kwa hiyo inageuka trapeza. Pembe zake zilizokuwa nyuzi 90 zinavurugika, na programu inausoma uvurugiko huo kama mkazo wa shia, ule wa tabaka kuteleza juu ya tabaka, ambao kwenye chuma haupo. Nguvu inamezwa na shia hiyo ya uongo, na elementi inakakamaa. Ukakamavu unaongezeka kadiri elementi inavyorefuka. Kwa uwiano wa Poisson (kiasi chuma kinavyokonda kikivutwa) wa 0.3, ya mraba ina ukakamavu wa karibu mara 1.5 ya ule wa kweli. Ikiwa ndefu mara mbili ya kimo chake inafika mara 2.64, na ikiwa ndefu mara kumi inakaribia 40. Gawanya 3.81 kwa 2.64 utaiona ile 1.4 imekaa pale pale. Kibaya zaidi ni kwamba kosa hili linapunguza kushuka na mkazo kwa pamoja, yaani linaelekea upande wa hatari na kumpa mteja hamu ya kukata chuma.

Mzee akataja Sleipner A, jukwaa la zege lililozama Norwei, karibu na Stavanger, Agosti 1991. Shia kwenye kuta za seli zake ilikuwa imekadiriwa pungufu kwa asilimia 47 kwa sababu ya meshi mbovu. Kijana hakuwa amezaliwa. Alitikisa kichwa kwa adabu.

Kijana akarudia kazi kwa elementi za boriti, zile zinazochorwa kama mstari tu na kupewa umbo la mkato wa chuma, kumi kwa urefu. Ncha ikashuka 15.2. Hapo hata mimi nilicheka, maana namba hiyo ni karibu mara nne kamili ya ile ya Mzee, na mara nne ni mraba wa 100 gawanya kwa 50: sehemu ya chuma, yaani ule mkato wake, ilikuwa imelazwa ubavu. Programu haijui juu ni wapi mpaka uipe mwelekeo wa mhimili wa kwanza wa sehemu. Ukiacha chaguo-msingi, ni bahati nasibu. Siku hizi huwa nawasha kwanza umbo halisi la sehemu kwenye skrini kabla ya kubonyeza chochote. Alipoigeuza, akapata 3.83. Mkazo wa elementi ya kwanza ukasoma 114, si 120, na hilo si kosa: elementi ya B31, jina la Abaqus la aina hiyo ya boriti, husomwa katikati yake, milimita 50 kutoka kwenye shina, ambapo momenti, yaani nguvu ya kupinda, imeshapungua. Atakayeweka elementi moja tu ya aina hiyo atapata robo tatu ya kushuka na nusu ya mkazo, na programu haitamwonya.

Mwisho akajaribu elementi za nodi nane zenye ujumlishaji uliopunguzwa, yaani zinazohesabiwa kwenye pointi chache zaidi, CPS8R. Ikatoka 3.84. Ile 0.03 inayozidi penseli ni ya shia, safari hii ya kweli, ambayo fomula ya Mzee haiihesabu. Rangi nyekundu ilikuwa kwenye kona za shina, na kila alipoigawa meshi vipande vidogo zaidi namba yake ilipanda bila kutulia. Kona ile imebanwa kabisa, chuma hakiruhusiwi kunenepa wala kukonda kwa kimo, kwa hiyo mkazo wake hauna kikomo kwenye hesabu. Mzee akamwambia asome milimita 100 mbele ya shina. Palikuwa na 108, na momenti ya pale, kilonewtoni-mita 9, inataka hiyo hiyo 108.

Mteja hakuridhika na penseli wala rangi. Ndipo ikaja mifuko ya saruji, 20 ya kilo 50. Jukwaa la mbao na minyororo vilitundikwa kwanza, daili geji, saa ya kupimia kusogea kudogo, ikawekwa sifuri baada ya hapo. Stendi yake ilisimama sakafuni, mbali na nguzo, maana ikishikwa na nguzo inatembea nayo. Vibarua wakaweka mifuko mmoja mmoja, bila kurusha. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya geji nikisoma kwa sauti. Mfuko wa tano, moja na kidogo. Wa kumi, mbili na mbili. Mshale ulikuwa unatetemeka kila mfuko ukitua, halafu unatulia mbele kidogo ya pale nilipotarajia. Karakana nzima ilikuwa imeacha kazi. Wa ishirini: 4.4.

Kilo 1,000 ni kilonewtoni 9.81, hivyo modeli ilidai 3.77. Kijana akanitazama, mimi nikamtazama Mzee. Mzee alikuwa ameshainama kwenye nguzo na geji nyingine mbili, moja juu ya nyingine kwa milimita 200, alizoziweka kabla ya mzigo bila kumwambia mtu. Tofauti ya kusogea kwake ilikuwa 0.12. Gawanya kwa 200, nguzo ilikuwa imeinama radiani 0.0006, ambazo kwenye ncha ya mita moja ni 0.6. Sisi tulikuwa tumechora shina lisilosogea kabisa, na boliti za nguzo ile hazikuwa na habari hiyo. Kijana akaondoa ubanaji kamili, akaweka springi ya mzunguko ya kilonewtoni-mita 16,000 kwa radiani, na modeli ikaifuata geji.

Sijui kama nimfundishe binti yangu aamini penseli, rangi au mshale, maana siku ile vyote vitatu vilikuwa na haki, kila kimoja kwa swali lake. Ripoti ilikwenda na 3.77 na 4.4 kwenye ukurasa mmoja, na kimo kikabaki 100. Mteja akauliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli. Mzee akamshika bega akamvuta nje, wakaongea muda mrefu kando ya gari. Aliporudi nilimuuliza amemjibu nini, akasema wamezungumzia bei ya chuma.