Ngumi ya Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi seremala pale Keko. Msumeno wa mashine ulipomkata mkono wa kushoto ukatoka kabisa, chini kidogo ya kiwiko, sote tulijua kidonda kikipona yamekwisha. Kikapona. Lakini usiku akawa analia: ule mkono uliokatika umekunja ngumi, kucha zinamchoma kiganjani, hawezi kuukunjua. Jirani akashauri apelekwe kwa mganga. Mimi nilimwamini kaka, maana niliona jasho lilivyokuwa likimtoka.

Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nyumbani tuna kioo kikubwa. Kwa fundi aliyetengeneza dresingtebo maisha yake yote, kioo si cha kutafuta.

Jioni tulikisimamisha mezani, ubavu wake ukielekea kifuani kwake. Mkono wa kulia ukakaa upande unaoakisi, kigutu kikafichwa nyuma. Akiinama kidogo, aliona mle kiooni mkono wa kushoto mzima, na hata lile kovu la patasi kwenye dole gumba, ambalo kwa kweli liko kulia. Nikamwambia akunje mikono yote miwili, kisha aifungue yote miwili polepole.

"Imeachia," akasema. "Mdogo wangu, imeachia!"

Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani kuna jambo baya.

Yule dada alikuwa ametueleza vizuri. Ubongo haujui mkono ulipo kwa macho tu. Misuli, viungo na ngozi navyo hupeleka habari, zote zikapimwa pamoja, na zikigongana, mara nyingi jicho ndilo husikilizwa zaidi. Kwa kaka, amri ya kufungua ngumi ilikuwa ikitoka, jibu halirudi. Kioo kikaleta jibu. Ni njia iliyobuniwa na mtaalamu wa ubongo, Ramachandran, huko Marekani miaka ya 1990, na si kila mgonjwa humsaidia. Hilo dada hakutuficha.

Baadaye nilisoma jaribio la watafiti Botvinick na Cohen la 1998. Mtu mwenye mikono yake yote miwili anafichwa mmoja, anawekewa wa mpira mbele ya macho, halafu yote miwili, wa kweli na wa mpira, inapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Wengi walihisi brashi pale kwenye mpira! Nilimsomea mama yote, neno kwa neno. Nilitaka ajue kwamba mwanawe hakuwa amechanganyikiwa hata siku moja, na kwamba hata mkono wa mtu mzima wa afya unaweza kuhamishwa hivyo.

Ngumi ilirudi usiku uleule. Ikawa kila jioni ni kioo, hadi maumivu yakapungua akaweza kulala. Mkono wenyewe haujaondoka. Anasema umekuwa ukifupika taratibu, na sasa vidole anavisikia vimeota hapa, kwenye ncha ya kigutu.