Siku moja mezani na konokono wa Uluguru

Saa 2 asubuhi. Kabla ya chai, magazeti yanayokaushia vielelezo vya matawi ya msambu (Allanblackia stuhlmannii, mti wa asili wa Tanzania pekee) hubadilishwa yote. Kwa unyevu wa Dar, ukiyaacha siku mbili tu, majani yanashika ukungu.

Saa 3, stendi ya Mbezi. "Kaka, hii si mbolea?" anauliza karani wa mizigo, mkono tayari kwenye mzani. Ni majani yaliyooza ya msituni yenye konokono ndani, lita 4 kutoka kila kipande cha mita 20 kwa 20. Huko mlimani wamefunga kwa nailoni badala ya kitambaa, mzigo umetoka jasho, konokono wengi wameoza ndani ya magamba yao. Nusu ya kazi imeharibika kabla haijaanza.

Saa 5. Walio hai hulazwa usiku kucha kwenye kichupa kilichojaa maji pomoni, wafe wakiwa wamejinyoosha. Spiriti ya asilimia 70 ni kesho. Wakiwekwa leo watajikunja ndani, na via vya uzazi vinavyotofautisha spishi havitafikika. Fomalini hapana, asidi yake inakula gamba.

Majani yakikauka, yanapita chekeche za milimita 10, 2 na 0.5. Yale makubwa ni dakika chache. Hizi chenga zilizobaki ndizo zinazomaliza macho. Kijiko kimoja cha chai, sahani nyeusi, hadubini, brashi namba 0 iliyoloweshwa, maana kibano kinavunja. Watu wakisikia konokono wanamfikiria yule dubwana wa bustanini, wakati utajiri wa milima hii uko humu, kwa wenye ukubwa wa punje ya mchele. Gulella, mla konokono wenzake, hutambulika kwa meno ya mdomo wa gamba: mangapi, yamekaa wapi. Tope likikaukia pale linafanana na jino kabisa, kwa hiyo safisha kwanza ndipo uhesabu. Wachanga hawana meno ya kikubwa. Watengewe kichupa chao, usibahatishe jina.

Mchana umeme unakatika. Vijiko bado vingi, shingo imekakamaa, na friza ya kuulia wadudu wa vielelezo vya miti imeanza kuyeyuka. Siku za kugandisha zitahesabiwa upya.

Jioni ni lebo, kwa penseli, kwani wino huyeyuka kwenye spiriti: mahali, mwinuko, tarehe. Magamba makavu yanaingia vichupa vya kioo. Mvuke wa asidi wa mbao na maboksi ya kawaida, ukichanganyika na unyevu wetu, huyageuza unga mweupe.