Bakteria Walao Gesi na Hoja ya Makaa ya Mawe Lamu

Tangu Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, mjadala juu ya mtambo ule haujazimika kabisa hapa Lamu. Hubadilisha hoja tu. Hoja ya karibuni nimeisikia barazani Langoni kwa kijana anayesoma sayansi chuoni. "Mwalimu," aliniuliza, "kama wako bakteria waliobadilishwa jeni ambao hula moshi na kutoa kemikali za kuuzwa, si tungepata umeme na kemikali pamoja, na hewa ikabaki safi?" Swali hili linastahili jibu refu kuliko lile nililompa pale.

Bakteria hao wapo kweli. Anayetajwa zaidi ni Clostridium autoethanogenum, aliyepatikana katika kinyesi cha sungura na kuelezwa na wanasayansi mwaka 1994. Hula kaboni monoksidi, hewa ukaa na hidrojeni, na kwa maumbile yake hutoa ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida, pamoja na asidi ileile iliyomo katika siki. Mwaka 2018 kampuni ya LanzaTech, iliyoanzia New Zealand, ilifungua nchini China, kando ya kiwanda cha chuma cha Shougang, mtambo wa kibiashara unaogeuza gesi za tanuri kuwa ethanoli kwa njia hii.

Kazi iliyonishangaza zaidi ilichapishwa mwaka 2022 na watafiti wa kampuni hiyo wakishirikiana na wenzao wa Northwestern University, Marekani. Walimpandikizia bakteria huyu jeni za jamaa zake, wale waliotumika zamani viwandani kuchachusha nafaka na molasi ili kupata asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi na gundi, kisha wakaziba njia zilizokuwa zikipoteza kaboni, hata wakafaulu kutengeneza asetoni na isopropanoli, aina nyingine ya alkoholi, katika tangi la lita 120. Kwa hesabu yao, kilo moja ya asetoni ya mafuta ya petroli huongeza angani gesijoto za kilo 2.55, ilhali kilo moja iliyotengenezwa na bakteria huzuia kilo 1.78. Sijui kazi nyingine ya kemia ya miaka hii inayonipa matumaini kiasi hicho.

Hata hivyo, gesi ya tanuri la chuma si moshi wa mtambo wa umeme. Ya kwanza imejaa kaboni monoksidi, ambayo bado ina nishati ndani yake. Moshi wa pili ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, pamoja na hewa ukaa na oksijeni iliyosalia, na bakteria huyu haivumilii oksijeni. Tena hewa ukaa ni kama majivu: cha kuungua kimekwisha kuungua. Ili bakteria aijenge upya kuwa kemikali, sharti alishwe hidrojeni, na hidrojeni safi hupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme. Kuigeuza hewa ukaa yote ya mtambo wa makaa kuwa ethanoli kungemeza umeme mara kadhaa ya ule ambao mtambo wenyewe ungeuzalisha. Na ethanoli hiyo ikichomwa katika gari, kaboni yake hurudi angani ileile.

Ninaona mahali panapomfaa bakteria huyu ni kwenye saruji. Wazee wetu waliochoma mawe ya matumbawe kupata chokaa waliitoa hewa ukaa ndani ya jiwe lenyewe, mbali na ile ya kuni, na viwanda vya saruji hufanya vivyo hivyo kwa wingi usio na kifani. Hata vikitumia moto safi namna gani, jiwe litaendelea kuitoa. Kenya nayo ina umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambao matumizi yake hupungua usiku na ungeweza kutengeneza hidrojeni saa hizo. Hapo bakteria angelishwa hewa ukaa isiyoepukika na hidrojeni isiyotokana na moshi, na asetoni inayotumika katika rangi na gundi ingepatikana humu nchini bila kuchimbiwa mafuta.